Makofi Hayanunui Penseli

Nianze na shikamoo kwa wajomba, mashangazi, baba wadogo na mama wadogo wote, maana nikimaliza kuandika hii huenda nisiitikiwe tena.

Kila ukoo una yule mtoto anayechora. Ukimtuma dukani anarudi na chumvi, na nyuma ya karatasi ya kufungia kuna sura ya muuza duka. Daftari lake la hesabu lina mbuzi ukurasa wa mbele na trela la Mombasa ukurasa wa nyuma. Na kila ukoo, hasa huku kwetu Taru, unajisifu kwamba unamuunga mkono huyo mtoto.

Mimi nasema hamumuungi mkono. Mnamshangilia tu. Kushangilia hakumgharimu mtu chochote, ndiyo maana nyote mnakuweza.

Tuangalie ushangiliaji wenyewe unavyokwenda. Mtoto anamaliza picha, anaipiga kwa simu ya mamake, inatumwa kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Dakika tano haziishi, vimoto vimejaa. "Mashallah." "Mungu ni mwema." "Picasso wa Taru!" "Damu yetu hiyo!" Mjomba aliye Mombasa anatuma vile viganja vya makofi, kumi na mbili kwa mstari. Halafu? Halafu hakuna. Mtu anatuma hesabu ya mchango wa harusi, picha inapanda juu huko, inasahaulika.

Wiki mbili baadaye yule yule mjomba anapiga simu: "Mwanangu, nichoree marehemu babu, iwe kubwa, niiweke sebuleni." Karatasi ya nani? Penseli ya nani? Itachukua siku ngapi? Hayo hayaulizwi. Picha ikiisha, malipo ni "Mungu akubariki, una kipaji wewe." Mjomba, baraka tunaipokea kwa mikono miwili. Lakini pale dukani hawauzi penseli kwa baraka.

Nina binamu yangu wa kike wa miaka 15. Jina silitaji, hakuniomba nimseme. Anachora kwa makaa. Msidhani ni staili, ni hali. Huko mjini makaa ya kuchorea yanauzwa kwenye vipakiti. Yeye anaokota vipande chini pale magunia yanapopangwa kando ya barabara kuu, anachagua vyembamba visivyovunjika haraka, anachora nyuma ya kalenda za mwaka uliopita na ndani ya maboksi ya biskuti yaliyochanwa.

Alichora akina mama kwenye foleni ya maji, madumu ya lita 20 yamepangwa hadi mwisho wa boksi, mmoja amekaa juu ya dumu lake amechoka hadi shingo imelala. Walahi ile picha ilikuwa kali. Ikabandikwa ukutani. Kila mgeni aliisifia, na kila mgeni aliisifia huku akiigusa kwa kidole. Makaa yasipopuliziwa kitu cha kuyashika yanatoka kama vumbi. Miezi miwili baadaye ile foleni ya akina mama ilikuwa doa jeusi. Kopo moja la spree ya nywele, ile ile mashangazi wanayojipulizia wakienda harusini, lingetosha kuiokoa. Katika watu wote waliosema "mashallah", hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Hii itadumu vipi?"

Hapo ndipo mnaponiudhi. Mtu anayejali kitu huuliza kitadumu vipi.

Sasa tuje panapouma zaidi. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari ya juu. Kule mwanafunzi anafuata njia moja kati ya tatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa maneno mengine, kwenye karatasi ya serikali, kuchora kumekaa meza moja na fizikia. Mtoto akichagua sanaa hajaasi, hajapotea, hajavuta kitu. Amechagua njia iliyopo.

Lakini chaguo hilo likifika nyumbani, wale wa vimoto wote wanageuka. "Chora, lakini weka STEM." "Sanaa utafanya wikendi." "Unataka kuja kuandika mabango ya kinyozi?" Yaani miaka kumi mmempigia makofi, siku moja tu alipotaka kulichukulia jambo hili kwa uzito, makofi yameisha. Kumbe mlikuwa mnashangilia mchezo wa mtoto. Mlidhani ataukua.

Tena njia ya sanaa haiko katika kila shule. Ili mtoto aipate inabidi mtu aulizie, apige simu, afunge safari, pengine akubali mtoto alale bweni mbali na nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ya kuunga mkono. Haionekani kwenye grupu na haina kimoto. Na nieleweke: kama mtoto mwenyewe anapenda kemia, aende kemia na Mungu amtangulie. Ninaowasema ni wale wanaoweka "damu yetu" asubuhi na kumfutia chaguo lake jioni.

"Lakini sanaa hailipi." Hii nimeisikia mpaka naijua kwa sauti ya kila shangazi. Sitawadanganya, wachoraji wengi wanahangaika. Ila tuulizane, kwa nini hailipi? Kinyozi huanza kwa kunyoa majirani. Mama wa mahamri huanza kwa kuuzia mtaa wake. Fundi wa cherehani huanza na sare za harusi ya ukoo. Wote hao wanalipwa, hata kama ni bei ya ndugu, na kwa hiyo pesa ndogo wananunua unga mwingine, wembe mwingine, uzi mwingine. Mteja wa kwanza wa mtu yeyote ni mtu anayemjua. Mchoraji peke yake ndiye ambaye watu wanaomjua ndio wasiomlipa. Mnakataa kulipa, kisha mnasimama shahidi kwamba hailipi. Nyinyi ndio ushahidi wenyewe!

Na msiniambie ukoo hauna mazoea ya kuchanga. Tunachangia harusi. Tunachangia matanga. Keki ya harusi, ile inayoliwa kwa vijiti vya meno, hupangiwa pesa ambazo zingenunua karatasi na rangi za mwaka mzima. Sisemi keki ife. Nasema tusijifanye mfuko haujui kufunguka.

Kuna familia zilizowahi kufanya tofauti, na matokeo yake mnayaona kila mkishuka Diani. Kwenye vibanda vya kuuzia watalii kuna zile picha za chui, twiga na ndege wenye macho makubwa, rangi zinawaka. Staili hiyo inaitwa Tingatinga. Wengi wanadhani ni jina la mashine ya kuchimba barabara. Ni jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam kutafuta maisha kama kijana yeyote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora. Hakupita shule yoyote ya sanaa. Turubai yake ilikuwa vipande vya mraba vya hadibodi, zile mbao nyembamba za dari. Rangi yake ilikuwa ile ya kupakia baiskeli. Yaani vifaa vya hali, kama makaa ya binamu yangu.

Tofauti ilikuwa watu wa nyumbani kwake. Mkewe, Agatha, alizibeba picha na kuziuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali wageni wenye pesa walipokuwa wakipita. Hakusema "mume wangu ana kipaji" akaishia hapo. Alitafuta mnunuzi. Na vijana aliowafundisha mwanzoni, kina Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na January Linda, wengi wao walikuwa ndugu na jamaa zake. Badala ya kusimama nyuma yake wakisema "mashallah", walikaa chini wakashika brashi.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafa. Alikuwa amechora miaka michache tu. Sasa fikiria kama ule ukoo ungekuwa kama wetu. Staili ingezikwa naye, na leo tungekuwa na picha mbili tatu ukutani kwa mgeni fulani Ulaya. Badala yake wale jamaa waliendelea, wakafundisha wengine, wakajiunga, na hadi leo Dar es Salaam kuna ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Watu wanalisha watoto kwa staili iliyoanza nyumbani kwa mtu mmoja, ikabebwa na mke na jamaa.

Mnataka wa karibu zaidi? Panda matatu pale stendi ya Taru. Utapita Samburu, Mariakani, Mazeras, Miritini, na kabla hujaingia kisiwani uko Changamwe. Upande huo kuna ushirika wa wachonga vinyago Wakamba, ulioanzishwa mwaka 1963. Mizizi yake iko kwa mzee Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alijifunza uchongaji kutoka kwa mafundi wa Tanganyika. Aliporudi, ufundi ulianzia nyumbani, kwa watoto na jamaa, ndipo ukaenea kijijini, kisha nchini. Yule swala wa mbao unayemwona kwenye kila duka la watalii Pwani ana ukoo nyuma yake.

Kuna pia wale wanaosema "sisi Wamijikenda si watu wa mambo ya michoro." Ati? Vigango vilichongwa na nani? Ndugu zetu, hasa Wagiriama, mzee wa heshima alipofariki, familia ilimwendea mchongaji na kuagiza kigango, mti uliochongwa na kupakwa rangi, na haikuwa bure. Kazi zile zilikuwa na thamani kiasi cha kuibiwa na kuuzwa hadi makumbusho ya Marekani. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudishwa Kenya kutoka makumbusho ya Denver. Kwa hiyo babu zetu walijua jambo moja tulilolisahau: fundi huagizwa kazi, na kazi hulipiwa.

Sasa jibu ninaloliheshimu: "Hatuna pesa." Hili silichezei. Taru ni Taru. Mvua ikikosa misimu miwili, mbuzi wanaanguka, dumu la maji linanunuliwa, na mama anayehesabu vikombe vya unga hawezi kuambiwa anunue rangi. Ugomvi wangu hauko naye. Ugomvi wangu uko na mwenye nacho anayetoa kimoto. Lakini hata asiye na senti anaweza kutoa kitu kinachomgharimu, na mambo manne haya nayajua hayahitaji M-Pesa.

Muda. Binamu yangu anachota maji, anapika, anaosha vyombo, anabeba mtoto wa dadake, halafu usiku kwenye mwanga wa simu ndiyo anachora. Kakake anatoka saa kumi kucheza mpira hadi giza, na hakuna anayemwita. Mkimpa msichana Jumamosi moja alasiri, moja tu kwa wiki, bila kumtuma popote, mtakuwa mmempa zaidi ya vimoto vya mwaka mzima.

Mahali. Kona ya chumba, meza mbovu, boksi lenye kifuniko la kuhifadhia kazi zake, na sheria moja ya nyumba: kisiguswe. Karatasi ya mtu isifungiwe maandazi. Mgeni asichukue picha ukutani kwa sababu "imempendeza" na mwenye nyumba akasema "chukua tu, atachora nyingine." Hiyo nyingine ni siku tatu za maisha ya mtu.

Ukweli. Hili linawauma wengi. "Umempita Picasso" si sifa, ni uvivu wa kuangalia. Angalia picha vizuri umwambie: mkono huu mfupi kuliko ule. Kivuli kinaanguka upande gani, mbona jua liko huku? Yule mbuzi yuko hai, huyu amekauka. Huhitaji shahada. Umeona mbuzi maisha yako yote. Nyanya yetu aliwahi kuangalia picha ya ng'ombe akasema, "Huyu hajawahi kutembea," akaendelea kuchambua mchicha. Binamu alinuna siku nzima. Ng'ombe aliyemchora baada ya hapo alikuwa anatembea. Katika ukoo wote, mtu aliyemuunga mkono kweli ni huyo nyanya, na hana hata simu.

Mtu. Unamjua anayeandika mabango Mariakani? Unamjua fundi anayepaka rangi matatu? Mwalimu anayefundisha sanaa shule fulani? Mpeleke mtoto kwake asubuhi moja, mwambie "huyu ni wangu, muonyeshe kazi." Ukoo wetu una mtu kila ofisi likija suala la kutafutiwa kazi ya ulinzi. Inakuwaje likija suala la brashi hatujui mtu?

Na mashangazi, mkishea picha yake kwenye status, acheni kukata jina lake pale chini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mchoraji haki juu ya kazi yake tangu anapoichora, bila kusubiri cheti, na haki hiyo inabaki hadi miaka 50 baada ya kufa kwake. Ukiikata jina na kuandika "vipaji vya nyumbani" umemfuta mwenye nyumba.

Nisiwaache wasanii wenyewe, maana na nyinyi mna lenu. Andika jina na tarehe kwenye kila kazi, hata ya boksi. Ndugu akitaka picha, taja bei bila kutetemeka. Akilia, mpunguzie. Akilia sana, mwambie alete karatasi na penseli yeye, nawe utoe kazi. Hata hilo ni malipo. Ila bure kabisa, weka kwa wazazi na marehemu tu. Ukitoa bure kwa kila mtu, unawafundisha kwamba muda wako ni bure, na wataamini.

Na kama kwenu mambo ni mabaya zaidi, yaani hata makofi hakuna, wanakuita mwehu, basi mjue mwalimu mmoja aliyeitwa Walter Njuguna Mbugua. Miaka ya 1980 aliacha kazi ya ualimu ili achore. Watu wakasema amerukwa na akili. Akajibatiza jina Sane, kwa Kiingereza mwenye akili timamu, na Kenya nzima ya sanaa inamjua kama Sane Wadu. Mkewe, Eunice, akawa mchoraji pia, na wamefundisha watoto kuchora kwao Naivasha. Mtaa mzima ulisema mwehu, lakini ndani ya nyumba palikuwa na mtu mmoja aliyeshika brashi pamoja naye. Wakati mwingine mmoja anatosha.

Ndicho ninachowaomba, familia. Sitaki ukoo mzima uwe wa wasanii. Nataka mmoja wenu, kwenye grupu ya watu sitini, awe Agatha. Mmoja wa kubeba kazi hadi kwa mnunuzi. Mmoja wa kusema "Jumamosi asitumwe." Mmoja wa kusimama wakati wa kuchagua njia akasema, "Mwacheni, amechagua." Wengine endeleeni na vimoto vyenu, havidhuru, vinapendezesha.

Picha nyingine itatumwa kwenye grupu hivi karibuni, maana huyo msichana hachoki na makaa ya Taru hayaishi. Ikitumwa, usiandike mashallah.

Uliza bei.